Kuishi kwa kufundisha udereva Uingereza: jibu kwa mdogo wangu wa Northampton

Swali: "Shikamoo dada. Naishi Northampton, nina miaka 38 na watoto wawili wa shule ya msingi. Mwaka wa saba huu nafanya kazi ghala, zamu za usiku, na mwili umeanza kukataa. Leseni yangu ya Uingereza ni ya otomatiki, niliipata 2019. Nimeona tangazo linasema mwalimu wa udereva anapata pauni 36 kwa saa na muda anajipangia mwenyewe. Je, mtu anaweza kweli kuishi kwa kazi hiyo, tena akifanya wakati watoto wako shule? Nianzie wapi, na gari langu la Yaris naweza kulitumia?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana nililiuliza mimi mwenyewe miaka kumi na mitatu iliyopita, nikiwa natoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kufungasha chakula hapa Leicester. Bahati mbaya niliyemuuliza alikuwa muuzaji wa kozi. Nitakujibu kama nilivyotamani kujibiwa siku ile.

Ndiyo, watu wanaishi kwa kazi hii. Mimi naishi, nimesomesha, na kila mwezi kuna kinachokwenda Tanga. Ila hizo pauni 36 za kwenye tangazo ziweke pembeni kwanza. Kipato cha mwalimu kimo kwenye daftari lake la miadi: saa ngapi zimejaa, ngapi zimevunjwa dakika ya mwisho, na maili ngapi ameendesha peke yake bila malipo kutoka kwa mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwingine. Nawajua walimu wawili wa mji mmoja, bei yao moja, wote wanafundisha vizuri. Mmoja anapumua, mwenzake kila mwisho wa mwezi anakopa hela ya mafuta. Wametofautiana kwenye daftari tu.

Tufanye hesabu, uione kwa macho yako. Chukua mwalimu wa muda wote mwenye gari lake. Daftari lina saa 30 za masomo kwa wiki, lakini baada ya homa, mitihani ya shule na "dada leo sitaweza", zinazofundishwa kweli ni kama 26. Kwa pauni 36 hizo ni pauni 936 kwa wiki. Afanye wiki 46 kwa mwaka, maana hakuna atakayemlipa likizo wala siku za kuugua, na mapato yanafika pauni 43,056. Hapo ndipo tangazo linapokomea. Sasa toa: gari pamoja na pedali za upande wa mwalimu kama 3,120 kwa mwaka, bima ya kufundishia 1,100, mafuta 3,600, kwa sababu mwanafunzi anakunywa mafuta kuliko dereva wa kawaida, kila baada ya mita mia anasimama na kuondoka upya, matengenezo na matairi 1,300, simu, matangazo, mhasibu na vidogovidogo 800. Jumla 9,920. Inabaki faida ya pauni 33,136 kabla ya kodi.

Bado saa hatujazihesabu vizuri. Zile 26 za kufundisha zina ndugu zake: kusafiri, kujibu ujumbe usiku, kuosha gari, kuandika maendeleo ya kila mwanafunzi. Ukizijumlisha unafika kama saa 38 kwa wiki. Gawanya, na pauni 36 zimekuwa 19 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2026, ni pauni 12.71. Kwa hiyo bado uko juu ya ghala, na mgongo wako haubebi boksi. Lakini huko ghala unalipwa wiki 5.6 za likizo na mwajiri anakuchangia pensheni, na huku hayo mawili unajifanyia mwenyewe au hayafanyiki. Takwimu hizi ni mfano wangu, unaofanana na vitabu vyangu na vya wenzangu wawili niliowaomba ruhusa; kwako bima na mafuta yanaweza kupanda au kushuka. Jinsi ya kuhesabu ndiyo ushike.

Sasa njia yenyewe. Uingereza huwezi kumfundisha mtu udereva kwa malipo bila kuwa kwenye orodha ya walimu walioidhinishwa na DVSA, idara ya serikali inayosimamia mitihani ya udereva, au bila leseni ya mwanagenzi, yaani mwalimu aliye mafunzoni. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 inalifanya hilo kosa la jinai, na "malipo" si noti tu. Nasisitiza kwa sababu jamii yetu ina watu wanaofundishana kwa hela ya mafuta "na ya chai". Ukikamatwa humo kabla hujaanza, mlango unaweza kufungwa, kwani DVSA inapima kama unafaa kuaminiwa, pamoja na kukagua rekodi yako ya jinai kwa kina, kwa vile utakaa garini peke yako na watoto wa miaka 17.

Masharti ya kuanzia unayo: umri wa miaka 21 na leseni ya miaka 3. Leseni yako ya otomatiki inakuruhusu kufundisha otomatiki pekee, na hilo lisikuvunje moyo. Karibu robo ya mitihani ya barabarani sasa inafanywa kwa otomatiki, na kila mwaka inaongezeka. Wanafunzi wakubwa, wale wa miaka 30 na 40 wanaotaka leseni ya kuendea kazini, wengi hawana hamu ya kugombana na klachi. Nitarudi kwao, maana ndio watakaokulisha.

Mitihani ya ualimu ni mitatu. Wa kwanza ni wa kompyuta, pauni 81: maswali 100, unatakiwa upate 85, na katika kila moja ya mafungu manne ya somo upate angalau 20 kati ya 25. Ukipata 90 kwa jumla lakini fungu moja likaangukia 19, umefeli. Kisha sehemu ya kutambua hatari kwenye video, alama 57 kati ya 75. Mwanafunzi wa kawaida anaombwa 44 tu. Wa pili, pauni 111, ni uendeshaji wako mwenyewe kwa kama saa nzima. Unaanza kwa kusoma namba ya gari kutoka mita 26.5, na safari yote usizidi makosa madogo 6. Dereva wa kawaida anaruhusiwa 15. Watu walioendesha miaka ishirini wanaanguka hapa, tena wakishangaa. Wa tatu, pauni 111 pia, ni kufundisha mbele ya mtahini. Ukishapasi wa kwanza una miaka miwili ya kumaliza mingine, na kila mmoja una majaribio matatu. Ukiyamaliza yote ukaanguka, unasubiri hiyo miaka miwili iishe ndipo uanze upya.

Ukifaulu unalipa pauni 300 za usajili kwa miaka 4 na unapewa ile pembenane ya kijani ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Kwa hiyo ada za serikali peke yake ni pauni 603, kama hukurudia mtihani. Mafunzo ndiyo yanayokula hela. Andaa kati ya pauni 2,000 na 3,500, na usizilipe kwa mkupuo. Mimi nilimlipa mtu mkupuo. Kampuni moja iliniuzia "mpango kamili" wenye "kazi ya uhakika mwishoni", nikatoa akiba yote, na nilipofika mtihani wa tatu mkufunzi wangu alikuwa ameondoka na hakuna aliyekuwa anapokea simu. Nilimaliza kwa kumlipa mwalimu mmoja mstaafu, saa kwa saa, na masomo yake kumi na mawili yalinifunza kuliko miezi yote iliyotangulia. Tafuta mkufunzi aliye kwenye orodha rasmi ya wakufunzi wa walimu, iitwayo ORDIT, kaa naye somo moja la kulipia, halafu uamue.

Kwenye mtihani wa tatu nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapokwama, na sababu yake hawaambiwi.

Mtahini anakaa kiti cha nyuma. Mbele uko wewe na mwanafunzi wa kweli, kwa kama dakika 45. Anakupima vipengele 17 katika mafungu matatu, yaani upangaji wa somo, usimamizi wa hatari, na mbinu za kufundisha, kila kipengele alama 0 hadi 3. Jumla ni 51. Ukipata 31 umepasi kwa daraja B, 43 kwenda juu ni A. Na ukipata 7 au chini yake kwenye fungu la hatari umefeli hata kama kwingine umeng'ara.

Sasa fikiria sisi tulivyofundishwa. Mimi nilisoma shule ambayo mwalimu anasema na mwanafunzi anaitikia, ukiuliza sana unaambiwa mjuaji. Na udereva nilijifunza kwa mjomba, Pikapu ya Toyota, barabara ya Pangani, na alichokuwa anajua mjomba ni kupiga kelele: "Breki! Breki we!" Nikaja kufundisha hivyohivyo. Mwanafunzi anakaribia kiplefti, mimi namsomea kila kitu: angalia kioo, punguza, sasa ingia, indiketa, toka. Gari linakwenda vizuri kabisa, natoka nikiwa na furaha, mtahini ananipa sifuri kwenye vipengele viwili. Kwa nini? Kwa sababu aliyeendesha gari lile nilikuwa mimi, kwa mdomo. Siku mdomo wangu ukikosekana, yule binti hana macho.

Kinachotakiwa ni hiki. Mita mia kabla ya kiplefti unamwuliza: "Unaona nini pale? Nani anaweza kukufikia kwanza? Yule mwenye baiskeli utamfanyaje?" Akijibu vibaya na muda upo, unamwongoza. Akijibu vibaya na muda haupo, unakanyaga breki yako, mnasimama mahali salama, na mnazungumza kilichotokea na nani alikuwa na jukumu gani. Kugawana jukumu la hatari kati yenu wawili, na kubadilisha mgawo huo kadiri anavyokua, ndiko kufundisha wanakokulipia. Ilinichukua karibu mwaka kunyamaza. Nakwambia kwa mapenzi, anza kunyamaza mapema. Ukimpeleka mwanao kuendesha baiskeli bustanini, jizuie kusema "angalia!" na badala yake umwulize anaona nini. Ni mazoezi yaleyale.

Kati ya mtihani wa pili na wa tatu kuna ile leseni ya mwanagenzi, pembetatu ya pinki. Inagharimu pauni 140, inadumu miezi 6, na ili uipate lazima uwe umepata saa 40 za mafunzo kwa mwalimu aliyeidhinishwa. Nayo unaruhusiwa kulipwa. Wengi wanaikimbilia kwa sababu ya njaa, na nawaelewa. Lakini miezi sita inakwisha haraka, na mtu anayefundisha saa 25 kwa wiki bila jicho la mkufunzi anajijengea tabia mbaya kwa kasi ya ajabu, halafu anaipeleka kwa mtahini. Ukiweza, iombe pale unapohisi kwamba mtihani wa tatu ungeufanya hata mwezi ujao. Na usiache ghala. Punguza zamu. Kutoka kitabu cha kwanza hadi pembenane ya kijani hesabu mwaka mmoja na nusu, maana nafasi za mitihani yenyewe zinasubiriwa.

Ukishahitimu utapigiwa simu na kampuni zinazokodisha jina lao. Unalipa ada kila wiki, wao wanakupa gari, bima na wanafunzi, mafuta juu yako. Tuseme ada ni pauni 200: hayo ni karibu masomo sita kila wiki kabla hujapata hata mkate wako, na ada hailali ukiugua wala ukienda nyumbani kumzika mzazi. Kwa mwaka ni pauni 10,400, na mafuta bado. Siwalaumu wanaoanza hivyo. Kwa mwalimu mgeni mjini, asiyejulikana, miezi kumi na miwili ya kwanza inaweza kumfaa, ila asome mkataba: notisi ya kuondoka ni wiki ngapi, na akiondoka wanafunzi anabaki nao nani. Wewe sidhani kama unahitaji. Miaka saba ghalani unajuana na watu wangapi wasio na leseni?

Hapo nakuja kwenye watoto wako. Ukweli ni kwamba saa tamu za biashara hii kwa walimu wengi ni jioni na Jumamosi, kwa sababu vijana wa miaka 17 wanatoka shule saa tisa alasiri, muda uleule ambao wewe unatakiwa uwe getini kuwachukua wako. Ukitegemea vijana, utawalea wanao kwa simu. Lakini mchana wa siku za kazi wako watu wengine: mama anayebaki nyumbani, mfanyakazi wa zamu ya usiku, mlezi wa wazee ambaye ajira nzuri inadai awe na gari, na dada zetu wengi wanaotaka mwalimu mwanamke, kwa dini au kwa utulivu wa moyo tu, na hawampati. Hao wote wanataka somo saa tatu asubuhi. Panga masomo matatu ya saa moja na nusu: saa 3:15 hadi 4:45, saa 5:00 hadi 6:30, saa 6:45 hadi 8:15. Saa tisa kasoro uko getini. Hizo ni saa 22 na nusu kwa wiki. Toa zinazovunjika, zibaki 20. Toa likizo za shule, zibaki wiki 39. Mapato pauni 28,080, gharama zinashuka hadi kama 8,500, faida kama 19,600 kabla ya kodi. Si utajiri. Ni mama aliyelala usiku kitandani kwake.

Ona lakini zile dakika 15 kati ya somo na somo. Mpango wote unasimama juu yake. Mwanafunzi mmoja wa Wellingborough katikati ya wawili wa Northampton anakulia nusu saa kwenda na kurudi, na hakulipi. Chora duara lako dogo na ulisimamie. Akitokea wa mbali, mpe siku ya wa mbali. Mbinu nyingine: somo la huyu limalizikie karibu na kwa yule, maana mwanafunzi lazima aendeshe mahali fulani, basi aendeshe kuelekea kazini kwako.

Jambo linalowaumiza walimu wa jamii yetu kuliko mafuta na kodi ni undugu. Nalisema nikiwa na uchungu nao, maana watu hawa nawapenda. Utaambiwa "nifanyie bei ya kindugu". Utaambiwa "nitakulipa mwezi ukiisha". Atakuvunjia somo saa moja kabla, na jioni mtakutana arusini. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha watu wanne wa kwetu kwa mkopo. Wawili sikuwahi kulipwa, na wa tatu mpaka leo ananikwepa kwenye misiba. Nilipoteza hela na nikapoteza watu. Siku hizi masharti yangu ni ya maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na mtu anayapata kwenye simu kabla ya somo la kwanza: malipo ni kabla ya somo, na anayevunja ndani ya saa 48 analipa. Bei ni moja kwa wote. Mkono wa undugu nautoa kwingine, kwa mfano anayefeli namkalisha saa nzima kwenye simu bila malipo tukipitia karatasi ya mtahini. Kwa punguzo, wape wanaolipia saa kumi pamoja, pauni moja au mbili kwa saa inatosha. Hela hizo za kumi ziweke akaunti ya pembeni. Mpaka uzifundishe, bado ni za mwanafunzi, na mwalimu aliyezila akaugua anageuka mdaiwa wa watu kumi na watano kwa siku moja.

Kufundisha kwa Kiswahili ni mtaji, utumie, lakini ujue mipaka yake. Mtihani wa nadharia haufanywi kwa lugha yetu. Tangu Aprili 2014 tafsiri za sauti na wakalimani viliondolewa, na barabarani mtahini anaelekeza kwa Kiingereza. Kwa hiyo mimi naeleza jambo jipya kwa Kiswahili, likishaeleweka maelekezo yote ya njiani natoa kwa Kiingereza kilekile cha mtahini, mpaka sikio lizoee. Na utapata madereva wakongwe kutoka nyumbani. Aliyeendesha Dar es Salaam au Mombasa anaona Uingereza ni rahisi, upande ni uleule wa kushoto, kumbe ndiye mgumu: anaweka nyutro kwenye mteremko kuokoa mafuta, kioo cha kushoto hajawahi kukitazama, na anaamini taa ya njano inamwambia akimbie. Aliyetoka Bukavu au Bujumbura, huko wanakopita kulia, anakuja na hofu, na mwenye hofu anasikiliza. Huyo wa kwanza mwombe mwanzoni kabisa akuendeshe dakika 40 kama yuko mtihanini, mpe makosa yake kwa idadi, bila kumdhalilisha. Mtu mzima akiona namba anatulia.

Foleni ya mitihani lazima nikutajie, maana itagusa daftari lako moja kwa moja. Shabaha ya DVSA ni mtu asubiri wiki 7. Mwaka 2025 wastani ulipita wiki 20. Na wanaopasi ni chini ya nusu. Fikiria maana yake: mwanafunzi yuko tayari Machi, tarehe yake ni Agosti. Akiendelea na masomo yote, hela zinamwishia. Akiacha, anasahau. Nawaambia waombe tarehe mara tu wanapopasi nadharia, kisha tunapanga masomo kurudi nyuma kutoka tarehe ile: mengi mwanzoni, moja kila wiki mbili katikati, mengi tena wiki tatu za mwisho. Akionekana hayuko tayari, asogeze mapema, kwa sababu tangu Aprili 8, 2025 ukibadilisha ndani ya siku 10 za kazi kabla ya mtihani unapoteza ada, ambayo ni pauni 62 siku za kawaida. Usimpeleke mtu mtihani ili tu asikukasirikie. Akifeli, gharama yake ni miezi mitano zaidi, na jina linaloharibika mtaani ni lako.

Kodi kwa ufupi. Jisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama mtu aliyejiajiri kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka wa kodi ulioanza kazi kwisha. Mwaka wao unaishia Aprili 5. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi, zinazofuata ni asilimia 20, pamoja na asilimia 6 ya bima ya taifa. Kwenye faida ile ya 33,136 hapo juu, kodi na bima vinafika kama 5,350. Unalipa kabla ya Januari 31, na kuna mtego: mwaka wa kwanza wanaweza kukudai pia nusu ya mwaka unaofuata siku hiyohiyo. Kila Ijumaa mimi nahamisha robo ya faida ya wiki kwenda akaunti nisiyo na kadi yake. Risiti ya mafuta ipige picha palepale kituoni.

Mwili pia. Kukaa saa sita umejikunja kidogo kulia, ukitazama kioo cha pili, kunauma kiuno kwa namna mpya. Usipange zaidi ya saa sita za masomo kwa siku. Ya saba unafundisha ukiwa umelala macho wazi, na sheria inakuhesabu wewe kama msimamizi wa gari lile, simu mkononi hairuhusiwi na kiwango cha pombe ni kilekile cha dereva. Vyoo safi vya mji wako vijue vyote. Maji kunywa, usijinyime. Nilijinyima mwaka mzima, nikaishia hospitali na figo.

Mwisho Yaris yako. Inafaa, tena ikiwa ni otomatiki ya mafuta na umeme, kwenye foleni za mjini itakupunguzia gharama. Pedali za pili sheria haizidai kwa gari la mwalimu, lakini mimi sikai bila nazo hata dakika moja na wewe usikae. Usizifunge sasa. Mtihani wa pili hauzihitaji, unahitaji kioo cha ziada cha mtahini, gari zima na bima inayokubali mtihani huo. Zifunge kwa fundi mwenye uzoefu wa magari ya kufundishia utakapokuwa unaomba pembetatu ya pinki, na kabla gari halijatoka gereji uwe umepata barua ya kampuni ya bima inayosema wazi: kufundisha kwa malipo. Bima yako ya sasa haikubali, hata kama aliyepokea simu amesema "haina shida". Mwezi huu wewe nunua vitabu vya mtihani wa kwanza, omba ukaguzi wa rekodi yako, na tafuta mwalimu mmoja wa Northampton atakayekuruhusu ukae kiti cha nyuma siku nzima, kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho. Ukikosa, njoo Leicester Jumatano yoyote, uje na kitu cha kula.